Siku Seif Alipovaa Koti la Mwenyekiti

Asubuhi ile tulikuwa uani kwa mdogo wangu Seif tunabishana kuhusu mto wa kulalia. Seif aliutaka uwe tumbo la Mwenyekiti wa kijiji, na mkewe Zaituni hakukubali foronya yake mpya ishindiliwe ndani ya suruali ya mwanamume halafu irudi inanuka jasho. Mimi nilikuwa nashona vifungo vya makoti ya kaki, sikuwa na upande. Ngoma zilikuwa zimeegemezwa karibu na moto wa makuti zikikaza ngozi, na tarumbeta letu bovu, lililozibwa tundu kwa nta, lilikuwa limelazwa mkekani kama mgonjwa.

Watu wakiniuliza habari za miaka ya mauaji, huku kwetu upande wa Ruaruke, wanataka nianzie kwenye risasi. Mimi siwezi. Kabla ya risasi tulikuwa watu wenye shughuli zetu. Tulilima mpunga na korosho, na tukishavuna tulicheza beni.

Beni tuliirithi kwa babu yetu mzaa baba. Yeye aliikuta ingali mpya, Mjerumani ameondoka na Mwingereza ndio kwanza anaingia. Vijana waliokuwa askari na wapagazi walirudi makwao wakaanzisha ngoma zenye vyeo: huyu Jenerali, yule Daktari, mwingine Bwana Shauri, na wanawake nao wana vyao. Walivaa kama wakubwa, wakapiga gwaride na bunduki za mti, kisha gwaride likasimama wakaigiza. Karani anahesabu kodi. Mzungu anakunywa chai. Kadhi anasinzia katikati ya kesi. Wimbo, igizo, wimbo, igizo, mpaka jua linakuchwa. Babu alitamba kwamba watu walitoka kwa miguu Mbwara kuja kumwona akimwiga Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, anavyopanda nyumbu. Babu alipenda kujisifu, lakini hilo niliambiwa na wengine pia.

Alituachia ada ambazo hatukuzivunja. Ukitaka kumwiga mtu, unamwendea unamwomba nguo yake mwenyewe, naye akikupa ndiyo heshima yenu wote wawili. Na igizo likiisha, unavua kofia mbele ya watu unainama, ili waone ni wewe, si yeye. Kicheko chenyewe kilikuwa hapo. Igizo watu walilicheka, lakini kofia ikivuliwa walikaa chini kwa kucheka.

Seif ndiye aliyekuwa Jenerali wetu. Ukimkuta njiani ungempita. Mwembamba, mtaratibu, hana hata mwendo wa kumjulia. Mpe koti la mtu, basi. Alimwiga imamu wetu akitafuta miwani iliyo usoni kwake. Alimwiga bwana shamba anayeogopa matope. Lakini igizo lake kubwa lilikuwa Mwenyekiti Mbwana, kwa sababu ukoo wa Mbwana na ukoo wetu ni watani, na mtani humwachi hivihivi.

Mwenyekiti alikuja mwenyewe asubuhi ile kuleta koti lake la kijivu, kofia na bakora.

"Mtani, tumbo langu si kubwa hivyo," alisema alipouona mto.

"La kwako linakua, mtani. Hili litakaa palepale."

Mwenyekiti akacheka, akakaa, Zaituni akamletea chai. Siku ile tulicheza vizuri kupita kiasi. Ndiyo siku ya mwisho ninayoikumbuka ambayo sikuangalia barabarani.

Baadaye yakaanza.

Kwanza tulisikia ya kijiji cha mbali: balozi wa nyumba kumi kapigwa risasi akitoka msikitini. Tukasema labda ugomvi wa mashamba. Kisha mtendaji wa kijiji kingine. Kisha mwenyekiti wa kitongoji, mbele ya wanawe. Watu wawili, pikipiki moja, jioni kabla ya magharibi. Hawakuiba kitu. Waliuliza cheo, wakaua cheo. Nani na kwa nini, kila mtu alikuwa na lake la kusema, na baada ya muda mfupi hakuna aliyekuwa na lake la kusema, kwa sababu hukujua unayezungumza naye atakwenda kuzungumza na nani.

Askari walikuja, barabara ikawa na vizuizi, tukakatazwa kutembea giza likishaingia. Bunduki zetu za mti tulizipasua tukapikia wali, maana nani angeelewa? Makoti ya kaki tuliyafukia shimoni nyuma ya choo. Viongozi wakaanza kulala kwa jamaa zao Dar es Salaam. Wengine walibandua milangoni vibao vya bendera vilivyoonyesha cheo chao. Simlaumu hata mmoja.

Mwenyekiti Mbwana alichelewa kuondoka. Alikuwa na mama yake kitandani, hageuzwi ila na yeye. Mama alipofariki, njia zilikuwa zimeshafungwa upande wake: pikipiki asiyoijua mtu ilionekana mara kadhaa kwenye njia panda ya kwake, na muuza duka aliulizwa Mwenyekiti hurudi nyumbani saa ngapi. Tulimwambia apande gari mchana. Akasema gari lenyewe linapita njia panda ileile.

Ikatukia kwamba binti wa jirani yetu anaolewa Salale, visiwani. Harusi ilikuwa ndogo, ya kuharakisha, alasiri, na bibi harusi alikuwa apelekwe kwa boti maji yakijaa. Wanawake wa beni ndio tulioombwa kumsindikiza kwa nyimbo. Ngoma hapana, nyimbo tu.

Wazo lilikuwa la Seif. Alilitoa tukiwa tumekaa chumbani kwake, mimi, Zaituni na Mwenyekiti.

"Mtani utavaa baibui, utakwenda botini na kina dada. Mimi nitavaa koti lako, nitarudi kwako kwa barabara, taratibu, waone umerudi nyumbani. Wakishaona umeingia hawatahangaika na gati."

"Wakikusimamisha?" Zaituni aliuliza.

"Navua kofia. Wataona si yeye."

Nataka nilieleze hili vizuri, kwa sababu wageni huwa hawanielewi. Hatukuwa wajinga. Tulijua wale ni wauaji. Lakini sisi tulikuwa tumekulia uwanjani, na maisha yetu yote kofia ikivuliwa ndiyo mwisho wa mchezo. Anayewindwa ni Mwenyekiti, huyu ni Seif, mkulima asiye na cheo chochote cha serikali. Watamwona uso, watatukana, watakwenda zao. Hata Zaituni, ambaye hakulipenda jambo lile, alinyamaza aliposikia kofia. Ilikuwa sababu ya kutosha kwa watu kama sisi, na kwa watu wengine wote duniani isingetosha.

Mwenyekiti alikataa. Akasema hawezi kumvalisha mtu mauti yake. Seif akamjibu kwa sauti ya Mwenyekiti mwenyewe, ile ya mkutano wa kijiji, yenye kukohoa kidogo kabla ya kila neno kubwa: "Ndugu wananchi, hoja imepita." Tukacheka wote, hata katika siku zile. Mwenyekiti alicheka mpaka akafuta macho, na aliposhusha leso alikuwa ameshakubali.

Siku yenyewe Zaituni alimfunga Seif mto tumboni kwa kipande cha kanga. Hakusema kitu kuhusu foronya.

Tulitoka kwa bibi harusi tukiimba. Mwenyekiti alikuwa kando yangu, amejifunika mpaka machoni, na mimi nilimshika mkono kama unavyomshika shangazi mwenye miguu mibaya. Nilipogeuka pale penye uzio wa mwisho nilimwona Seif anaingia barabarani. Bakora mbele, tumbo nyuma yake, ule mguu wa kushoto anaouburuta Mwenyekiti tangu alipoanguka mnazini. Mwanamke mmoja mbele yetu alimwamkia, "Shikamoo Mwenyekiti," naye akaitikia. Hata mimi, wa tumbo moja naye, moyo ulinidanganya kidogo.

Gatini maji yalikuwa yamejaa. Tukapanda. Boti ikaingia kwenye kijito, mikoko pande zote, na tukaendelea kuimba kwa sababu tuliogopa kunyamaza.

Tukasikia.

Mara moja. Kisha mara mbili, karibukaribu.

Nahodha akapunguza mashine. Bibi harusi akaanza kulia.

Mwenyekiti alisimama. Boti ikayumba. Nilimvuta baibui kwa nguvu zangu zote akaangukia magotini pangu.

"Niache, Mwanaidi. Nirudishe."

"Kaa."

"Ni mimi wanayemtaka."

"Kaa, mtani. Usiniharibie kazi ya ndugu yangu."

Akakaa. Sijui maneno yale niliyatoa wapi. Nahodha akaongeza mashine.

Tulilala Salale, kwa wenyeji waliotupikia wali wa harusi na kamba, na sahani zikarudi jikoni zilivyokuja. Asubuhi nilirudi peke yangu na boti ya wavuvi. Seif alikuwa ameshakoshwa. Walimzika kabla ya adhuhuri, watu wachache, haraka, kila mmoja anaangalia barabara badala ya kaburi.

Aliyeona ni jirani yetu mmoja aliyekuwa anapalilia mihogo kando ya njia. Alijitupa chini kati ya matuta na akaona kila kitu. Pikipiki ilimpita Seif, ikageuka, ikasimama. Wa nyuma akaita, "Mwenyekiti." Seif akasimama. Akavua kofia. Akainama, taratibu, kama uwanjani, kisha akanyanyua uso awaonyeshe.

Walimwangalia, jirani anasema. Walimwangalia vizuri. Yule wa mbele akasema kitu kwa mwenzake ambacho jirani hakukisikia.

Hakuna aliyecheka.

Kama walijua si yeye na wakamuua kwa sababu amewaona, au kama uso wa Mwenyekiti hawakuwa wanaujua tangu mwanzo na waliletwa na koti tu, sijui. Nimeuweka moyo kwenye jibu moja kwa miaka, nikauhamisha kwenye jingine, na kote unauma vilevile.

Mwenyekiti Mbwana yu hai. Mauaji yalipokoma alirudi kijijini, akaacha cheo, analima ufuta. Sijawahi kumchukia, nasema kweli. Lakini nimewahi kumtazama anakula, chakula kinashuka kooni, nikawa na hesabu kichwani ambayo hakuna binadamu anayepaswa kuipiga. Mtu kwa mtu. Anazeeka, ana wajukuu. Nafurahi kwamba ana wajukuu, na nikifurahi nalia. Beni haikurudi. Tulijaribu harusi moja, na ilipofika zamu ya igizo tukatazamana, tukaimba wimbo mwingine.

Lakini ninalotaka kulimalizia ni la siku ya arobaini ya Seif.

Kwetu mtani ana kazi yake msibani. Anavaa nguo ya marehemu, anatembea mwendo wake, anasema maneno yake, anawadai wafiwa chakula kwa sauti ya aliyekufa, na watu wanacheka huku machozi yanawatoka. Maiti asiyeigizwa ameondoka bila kuagwa. Siku ya maziko Mwenyekiti alikuwa mafichoni visiwani, hakuna aliyeifanya. Kwa hiyo siku ya arobaini alivuka, mchana, bila kumwambia mtu, akaja kulipa utani wake. Alikuwa amekonda.

Zaituni akamtolea shati la Seif, la michirizi, la kushindia. Mwenyekiti akalivaa. Akasimama katikati ya ua, sisi tumekaa mikekani, tukamngoja.

Akapiga hatua, akasita. Akajaribu nyingine. Akageuka kwangu.

"Alikuwa anatembeaje?"

Nikafungua mdomo. Nilijua alivyotembea akiwa imamu. Nilijua alivyotembea akiwa bwana shamba, na Bwana Shauri wa babu, na mimi mwenyewe nikienda kisimani. Nikawatazama wenzangu. Kila mtu alikuwa anatafuta, na kila mtu alikuwa anamkuta mtu mwingine.

"Sauti je?" Mwenyekiti akauliza. Sasa alikuwa anamwomba Zaituni. "Shemeji, wewe ulikuwa naye ndani. Hapa nyumbani alikuwa anasemaje?"

Zaituni aliangalia mkeka.

"Nilikuwa naijua," alisema. "Nilikuwa nayo mpaka siku ile aliyotoka. Sasa nikiitafuta, inanijia ya kwako."

Nadhani Mwenyekiti aliogopa kumsikilizisha sauti ile tena. Alilivua lile shati, akalikunja vizuri, akaliweka mkekani mbele ya Zaituni, akatoka kimya.

Bado anakuja kumjulia hali, kila akivuna humletea ufuta. Lakini hapigi hodi. Hugonga mlango kwa kidole, mara moja, akasubiri nje mpaka Zaituni mwenyewe achungulie.