Asante Iliyofunika Ombi

Walimwita mzembe mbele ya wenzake, kisha wakamtaka atie sahihi. Afisa utawala alisogeza karatasi ya kukiri uzembe hadi ukingoni mwa meza, akaweka kalamu juu yake, akasema kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuhukumu, "Tia sahihi, mama, tusipotezeane muda." Wakuu wa idara walikaa pande zote mbili za meza, kila mmoja akitazama kucha zake. Mama Chupa aliisoma karatasi ile mstari kwa mstari, akaisukuma irudi ilikotoka.

"Sitii sahihi," akasema. "Uzembe ni wa nani, tuanze hapo."

Mama Chupa alikuwa karani wa benki ya damu katika hospitali kubwa. Jina hilo alipewa na madereva, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akitoa chupa za damu kwenda vituo vya afya vya pembezoni. Mgeni akilisikia hudhani ni mlevi. Mwenyewe hakasiriki. "Mlevi gani anayewahi kazini kuliko daktari?" huwauliza. Ni mwanamke wa sauti kubwa na maneno mengi. Mumewe, fundi wa kuchomelea mageti, husema alikuwa amezoea makelele kabla hajanunua mashine. Kazini amegombana na karibu kila mtu, lakini hadi siku ya mkasa huu hakuna kituo kilichokuwa kimewahi kungojea damu iliyokuwa imelala kwenye friji zake.

Zamani maombi yalikuja kwa simu. Kisha utawala ukaiondoa simu mezani pake, ukaagiza kila ombi lije kwa barua pepe, ili pawe na ushahidi wa maandishi. Akazoea. Kila ujumbe ulikuwa na mstari wake kwenye kioo, mpya juu, wa zamani chini, naye aliushuka mlolongo ule kama mtu anayeshuka ngazi za nyumbani kwake gizani. Wakunga wa vituoni nao walikuwa na desturi yao: hakuna aliyeanzisha barua mpya. Mkunga alifungua barua yoyote ya zamani kutoka benki ya damu, akabofya "jibu", akaandika shida yake humo humo. Anwani ipo, kichwa cha barua kipo. Mtu aliyevua glavu ya mkono mmoja tu hana muda wa mapambo. Desturi hiyo haikuwahi kumdhuru mtu, maana kila jibu lilikaa kwenye mstari wake.

Asubuhi moja aliwasha kompyuta akakuta sura nyingine kabisa. Vitufe vilivyokuwa kushoto vilikuwa vimehamia juu, maandishi yamefifia, na mlolongo wake wa barua umekuwa mfupi ajabu. Akamwita fundi wa kompyuta, mtu mzima mwenye kipara, aliyekuwa akipita na waya begani.

"Fundi! Mmeniingilia nyumba nikiwa nimelala? Naona jiko limehamia chumbani na kitanda kiko uani."

"Muundo mpya huo, mama. Hospitali nzima. Mbona umepangika vizuri?"

"Umepangika kwa nani? Jana barua zilijaa kioo. Leo naona kiduchu."

"Hazijapungua, zimekusanywa tu. Utazoea."

"Nitazoea, sikatai. Na wanaotokwa damu, umewaambia wangoje nizoee?"

Fundi akacheka, akasema mafunzo yalifanyika. Ni kweli, yalifanyika: wakuu wa idara waliitwa ukumbini, wakaonyeshwa, wakanywa soda, wakaondoka. Karani wa benki ya damu hakualikwa, kwa kuwa si mkuu wa kitu chochote. Na hao walioalikwa hawakuona sababu ya kumsimulia.

Kilichokuwa kimetokea ni hiki. Muundo mpya ulizikunja barua zote zenye kichwa kimoja zikawa mstari mmoja, ukaonyesha ile ya mwisho peke yake. Alfajiri hiyo mkunga wa kituo cha mlimani alikuwa ameomba chupa mbili za kundi O hasi, haraka, kwa mzazi aliyekuwa akitokwa damu. Muda mfupi baadaye mtunza stoo wa kituo hicho hicho, mtu mwenye adabu zake, alijibu kwenye barua ile ile ya zamani kushukuru kwa mzigo wa juma lililopita. Kwa hiyo Mama Chupa alipofika kwenye mstari wa mlimani alisoma: "Asante sana, tumepokea salama." Akatabasamu, akapita. Akawapakia damu watu wa bondeni, na gari pekee la benki ya damu likatoka getini. Chupa za mzazi wa mlimani zilibaki kwenye friji, nyuma ya mgongo wake.

Simu yake ya mkononi ikalia.

"Dada, damu yangu iko wapi?" Alikuwa mkunga wa mlimani, bila hata salamu.

"Damu gani tena?"

"Niliyoandika alfajiri! O hasi, chupa mbili!"

"Dada yangu, wewe umeandika asante. Naiona hapa."

"Asante ya nini? Mtu ananifia mikononi, nikae nakuandikia asante?"

Akaurudia mstari wa mlimani. Akabofya juu, akabofya kando; kikajitokeza kidirisha kikimwomba achague rangi. "Rangi!" akafoka. "Wananiuliza nataka rangi gani!" Akakifunga, kikarudi. Simuni alisikia mtu akiagiza kwa haraka shuka nyingine iletwe. Hatimaye akabofya tarakimu ndogo ya kijivu, iliyojibanza mwishoni mwa mstari kama doa la uchafu, na mstari ukafunguka. Ombi likachomoza chini ya shukrani.

"Nimeliona," akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo.

"Usinieleze, dada. Nitumie."

Akampigia dereva.

"Uko wapi?"

"Nakaribia daraja, mama. Kuna nini?"

"Geuza."

"Nigeuze vipi? Kibali kinasema bondeni. Wakinikuta kwingine nimemwaga unga."

"Geuza nimesema! Wa bondeni ni wa upasuaji wa kesho. Wa mlimani anakata roho sasa hivi. Atakayekuuliza, mwambie Mama Chupa ameshikwa na wazimu."

"Hilo wataliamini upesi," dereva akasema, na tairi zikasikika zikikwaruza changarawe.

Alimngojea getini, sanduku la barafu amelikumbatia kifuani kama mtoto. Gari halikuzimwa, sanduku lilipita dirishani, dereva akaondoka akipiga honi. Mama Chupa akarudi mbele ya kioo, akaanza kufungua kila mstari uliokuwa na tarakimu ya kijivu, mmoja baada ya mwingine, roho ikiwa juu. Chini ya kila asante alitarajia kukuta maiti.

Mkunga alipiga tena alasiri. "Yuko hai," akasema. "Lakini tulichelewa, dada. Daktari amelazimika kuondoa kizazi. Na huu ulikuwa uzazi wake wa kwanza."

"Mtoto je?"

"Mtoto analia vizuri."

Jioni mumewe alimkuta ameketi kitandani na viatu miguuni. "Mke wangu, leo umekuwa kimya hadi naogopa," akamwambia. "Nilisoma asante nikapita," akajibu.

Hayo ndiyo aliyowaeleza wakuu siku ya karatasi. "Nilipita, sikani," akawaambia. "Sasa niambieni ni nani aliyelifunika ombi lile, na kwa nini ninyi mlijua na mimi sikujua."

"Wenzako wote wameuzoea muundo huu bila shida," afisa utawala akasema.

"Wenzangu wanapokea mialiko ya vikao. Mimi napokea watu wanaotokwa damu."

Mkuu mmoja akakohoa. Afisa utawala akatamka kwamba asiyetia sahihi amesimamishwa kazi. Mama Chupa akainuka, akaaga kwa adabu kamili, akatoka. Kwenye kiti chake leo ameketi karani mwingine, na huyo naye hakuna aliyemfundisha.

Ninyi mliobadilisha kioo kile, nanyi mliofundishwa mkanyamaza, mnajijua. Mrudisheni mwanamke yule kazini, na neno "uzembe" liondoeni kwenye jalada lake. Irudisheni simu ya benki ya damu leo, kabla jua halijatua. Msiguse tena muundo wa barua zinazobeba uhai wa watu kabla hamjaketi kando ya anayezipokea na kuona anavyozisoma. Kisha pandeni mlimani, ninyi wenyewe, mkamweleze mzazi yule kwa nini damu yake ilichelewa.