Mama Barafu na samaki wasiopaswa kushiba

Asubuhi ni ya baridi kiasi kwamba mtu akisema anatoa moshi mdomoni, lakini mikono ya Mama Barafu imo ndani ya maji mpaka viwiko. Amesimama nyuma ya gari lake dogo la mizigo, lililorudishwa kinyumenyume hadi ukingoni mwa bwawa, na anamimina jagi moja la maji ya bwawa ndani ya tangi la samaki. Anasubiri. Anamimina jingine. Anasubiri tena.

Kandokando ya bwawa wamejaa baba, mama na watoto wa mtaa mzima, fimbo za kuvulia mikononi, na subira imewaishia kitambo.

"Mwaga, mama! Unaogopa nini?" anapaza sauti kinyozi mmoja aliyefunga kibanda chake ili awahi nafasi nzuri.

"Namwaga samaki au namwaga mchanga?" anajibu bila kugeuka. "Maji yangu yana barafu, yenu hayana. Lazima wayazoee kwanza. Wewe ukivutwa kutoka kitandani ukatupwa mtoni, utacheka?"

Kinyozi anacheka. Mama Barafu hacheki, na ukijua yaliyomkuta msimu huu hutamlaumu.

Mara mbili ameleta trauti katika bwawa hili, na mara zote mbili, kabla ya jioni, samaki wameelea matumbo juu mbele ya watoto. Kamati ya bwawa, inayoongozwa na fundi saa mmoja asiyependa maneno mengi, imeshatoa kauli: wakifa tena, bwawa linafukiwa na kuwa maegesho ya magari. Si vitisho. Mkandarasi ameshakuja kupima, na vigingi vyake vimesimama kuzunguka ukingo.

Mama Barafu aliwahi kuuza barafu kwa wafanyabiashara wa samaki, na jina likamganda. Trauti ni samaki wa maji baridi, na mmoja wa wateja wake alikuwa mfugaji wa trauti kutoka milimani. Kwa kumuuliza maswali kila alipokuja, hatimaye akajikuta naye anafuga. Sasa hununua samaki wachanga, huwalea kwenye matangi nyuma ya nyumba yake, na wakishafikia ukubwa wa kuingia kikaangoni huwapeleka kwenye mabwawa ambako familia huja kuvua kwa burudani.

"Hawa si wavuvi," anasema. "Ni karani, ni fundi bomba, ni mama na watoto wake. Mtu anakaa na mwanawe asubuhi nzima, simu iko mfukoni. Akipata samaki, sawa. Asipopata, angalau wameongea. Mtaa huu una sehemu gani nyingine ya kufanya hivyo? Nionyeshe."

Anahudumia mabwawa matatu. Hili ndilo linaloweka sufuria yake jikoni, mengine mawili, kwa maneno yake mwenyewe, "hayatoshi hata kulisha gari."

Lakini kilichomkosesha usingizi ni kutojua kwa nini walikufa. Alibadilisha pampu ya hewa. Akanunua mtungi mpya wa oksijeni. Akamgombeza fundi wa gari, kisha akamwomba radhi, kisha akamgombeza tena. Akaikimbia barabara yenye matuta na kuzunguka njia ya mbali. Samaki wakafa vilevile. Huko sokoni, akiwa anachagua nyanya, akasikia kwa masikio yake mtu akimwita Mama Maiti.

Kisa chenyewe alimsimulia mwandishi wa makala haya njiani, tukiwa wawili ndani ya gari, na alipomaliza akasema, "Hilo usiliandike." Limeandikwa, na sababu itaonekana mbele.

Kazi hii ina sharti moja lisilo na mjadala: samaki wa safari halishwi. Siku mbili kabla ya kuondoka, wanaosafiri huhamishiwa kwenye tangi la pembeni, ambalo pale nyumbani huitwa tangi la mfungo. Samaki aliyeshiba akitikiswa garini huchafua maji, na uchafu huo ndani ya tangi lililofungwa ni sumu. Hata akifika anapumua, huwa ni wa kufa.

"Samaki si mtoto mchanga," anasema Mama Barafu. "Akikaa siku mbili bila chakula hafi. Akisafiri ameshiba ndipo anakufa. Nilimweleza kila mtu nyumbani."

Kila mtu nyumbani ni mumewe. Watoto wameshaoa na kuolewa. Mzee huyo ni fundi cherehani mstaafu, mtu mpole mpaka anaudhi, na mtaani wanamwita Mzee Pole kwa sababu huwapa pole hata paka.

Wiki iliyopita, siku moja kabla ya safari, Mama Barafu alisimama kando ya tangi la mfungo akikagua samaki. Walikuwa wamejibana upande wa mbali kama kawaida, maana yeye ndiye mwenye wavu. Mumewe akapita nyuma yake, amevaa koti lake, akielekea uani.

"Wakageuka wote," alisimulia, akipiga usukani. "Wote! Wakamkimbilia yeye, midomo juu ya maji, kama watoto wamemwona baba katoka kazini. Nikamtazama mzee. Mzee akatazama mawingu."

Kikulacho ki nguoni mwako, na hiki kilikuwa mfukoni. Mama Barafu alitia mkono kwenye mfuko wa koti la mumewe, ukatoka na punje za chakula cha samaki.

"Baba watoto, unawalisha?"

"Kidogo tu."

"Tangu lini?"

"Walikuwa wananitazama, mama watoto."

"Nimekuuliza tangu lini!"

"Tangu safari ya kwanza."

Aliketi juu ya ndoo. Pampu, mtungi, fundi wa gari, njia ya mbali, nyanya, vyote vikampita kichwani. "Nilitaka kulia, nikashindwa. Nikataka kucheka, nikashindwa. Nikainuka, nikaipiga ndoo teke. Kidole hiki hapa bado kimevimba."

Akampigia simu mwenyekiti kuahirisha, bila kutaja sababu. Fundi saa akajibu, "Wiki moja. Basi." Siku ya kuwafungisha tena ilipofika, Mama Barafu alimfungashia mumewe nguo na kumpeleka kwa dada yake, upande wa pili wa mji. Kesho yake dada akapiga simu, amechemka. "Njoo umchukue shemeji! Anawapa kuku chakula kila akipita. Gunia langu limefika nusu!"

"Mvumilie," akamjibu. "Mimi nimemvumilia tangu nikiwa na kiuno."

Sasa jagi la mwisho limekwisha. Mama Barafu anachovya kipimajoto ndani ya tangi, kisha bwawani, anakiangalia mara mbili, na hatimaye anafungua bomba pana la nyuma. Trauti wanateremka na maji, wanapiga mikia, wanapotea chini. Watoto wanashangilia. Watu wazima hawashangilii. Wao wameshaona sinema hii.

Amri ya kamati ni kwamba hakuna kutupa ndoano mpaka mchana, ionekane kwanza kama samaki wako hai. Basi watu wanakaa na fimbo zao mapajani, wakitazama maji kana kwamba yana habari. Katika kungoja huko dada mtu anafika na Mzee Pole, koti lilelile mwilini. Mzee anakwenda kuketi peke yake kwenye ukuta mfupi wa ukingoni mwa maji, mbali na wote.

Mchana unafika. Hakuna samaki hata mmoja aliyeelea. Fundi saa anazunguka bwawa, anarudia kuzunguka, kisha anamwendea Mama Barafu mbele ya watu.

"Pampu mpya imefanya kazi," anasema, hajui kwamba ilinunuliwa kabla ya safari ya pili. "Ungeinunua mapema, mama, tusingefikishana huku."

Mama Barafu analifuta jagi lake. Kwa wiki nzima amelimeza jambo hili, na usoni inaonekana jinsi lilivyo chungu.

"Pampu haina kosa."

Ni Mzee Pole, amesimama, kofia mkononi. "Hata ile ya zamani haikuwa na kosa. Ni mimi. Walitakiwa kufunga, nami nikawa nawalisha kwa siri. Niliwaonea huruma. Nimewaua mimi, na yeye mkamtukana." Anamgeukia mwandishi. "Andika, bwana. Jina baya walimpa sokoni hadharani. Na hili liwe hadharani."

Kinyozi anaangalia viatu vyake.

"Kaa chini, mzee," anasema Mama Barafu. "Unawatisha samaki."

Fundi saa anainama, anang'oa kigingi kimoja cha mkandarasi, na kumpa binti aliye karibu aegemeze fimbo yake. "Vueni," anasema.

Nyuzi zinaruka pande zote. Muda unapita, hakuna kinachouma. Kisha yule binti anapiga kelele: "Wako kwa babu!"

Ni kweli. Chini ya ukuta aliokalia Mzee Pole, maji yanachemka kwa midomo. Trauti wameliona koti. Watoto wote wanachomoka mbio na fimbo zao, na ndoano zinaanza kudondoka katikati ya midomo ile iliyo wazi. Mmoja ananaswa, wa pili, wa tatu. Watu wanampigia mzee makofi.

Mzee Pole haonekani kuyasikia. Anainuka, anaondoka bila kutazama nyuma, anaingia ndani ya gari na kufunga mlango. Samaki wanatawanyika.

Mchelea mwana kulia hulia yeye. Mama Barafu anamfuata huku akisema peke yake, anakaa kwenye usukani na kuubamiza mlango.

"Umeona sasa? Umeona huruma yako?"

"Walinifahamu," anasema mzee.

"Walikufahamu, ndiyo."

Mama Barafu anampa kitambaa chake. Kisha anamnyooshea kiganja. "Mfuko." Mzee anatia mkono kotini, anatoa punje za mwisho na kumkabidhi.

Mipango ya Mama Barafu ni michache: kufuli kwenye stoo ya chakula, ufunguo shingoni mwake, na trauti wengine kabla baridi haijaisha, kwa kuwa kamati imemwambia alete. Anaitaja kwa sauti, kisha anazitazama zile punje kiganjani kwa muda, na kumrudishia.

"Wale wadogo waliobaki nyumbani wanatakiwa kula," anamwambia. "Kuanzia kesho uwalishe wewe, asubuhi na jioni, nisikusikie ukilalamika. Lakini siku wakiingia tangi la mfungo, na wewe unaingia kwa dada."

Mzee Pole anafuta macho, anazirudisha punje mfukoni.

"Wale kuku nao," anasema, "walikuwa wananitazama."