Nilikwenda Engaruka Kutafuta Kosa

Ashukuriwe Mungu, anayeyaficha maji ndani ya mlima na kuyatoa kwa wakati wake, aliyenifikisha umri huu nikiwa na meno ya kutafuna mahindi na macho ya kusoma Neno. Haya ninayoyasimulia nayasimulia mbele zake. Pale nitakapoonekana kulalamika, msomaji anisamehe. Ninasema tu nilichokiona.

Mimi ni mwinjilisti mstaafu. Ninaishi upande wa Endabash, wilayani Karatu, na tangu nilipoacha kazi ya usharika wanakijiji wamenipa kazi nyingine, ya kusimamia zamu za maji ya mfereji wetu. Ni mfereji mdogo. Unaanzia kwenye banio, ukuta wa mawe unaokinga maji, pale kijito kinapotoka korongoni, unapita pembeni mwa mashamba yetu moja baada ya jingine, na unaishia kwa shemeji yangu, mjane wa kaka yangu mkubwa.

Tulipogawana mashamba ya baba, kaka ndiye aliyechagua kule mwisho. Aliniambia, "Wewe unatembea na Biblia, huna muda wa kukimbizana na maji. Kaa huku karibu na banio." Nikashukuru, nikakaa. Miaka ile hakuna aliyeona kwamba mwisho wa mfereji ni mahali pabaya. Maji yalifika kwake, yakanywesha shamba lote, na yaliyobaki yakamwagika kwenye majani ambako ndama walikwenda kunywa.

Sasa kijito kimepungua. Kila mwaka maji yanaishia juu kidogo ya pale yalipoishia mwaka uliotangulia. Mwaka huu shemeji alimwaga mbegu ya vitunguu kwenye kitalu nyuma ya nyumba, akakimwagilia kwa ndoo, miche ikatoka vizuri, imesongamana kama manyoya ya paka. Jumatatu moja alinikuta kwenye uzio.

"Shemeji, miche imefika kimo cha kalamu. Ikipita hapo haipandikiziki tena."

"Zamu yako ni Alhamisi," nikamjibu.

"Zamu ninayo. Ninachouliza ni maji."

Nikasema Mungu akipenda yatafika. Aliitikia amina kwa adabu, lakini alinitazama kama mtu anayetazama dirisha lililofungwa. Wiki iliyotangulia nilikuwa nimempa zamu yangu mimi mwenyewe, na maji hayo hayakumfikia. Yalinywewa na ardhi njiani. Kwa hiyo jioni ile nilipita nyumba kwa nyumba nikiwaomba majirani wote wafunge milango yao ya maji Alhamisi tangu asubuhi, maji yote yaende kwa mama mmoja. Wote walikubali. Hata yule ambaye huwa anachelewa kufunga alisema, "Mwinjilisti, kwa huyo mama sina neno." Nililala nikimshukuru Mungu kwa majirani.

Kesho yake, Jumanne, ilikuwa siku ya safari ya wazee wa usharika kwenda Engaruka kuona magofu ya mji wa kale. Nilikuwa nimejiandikisha mapema, na nilikuwa na sababu yangu. Mji ule, kama wengi wanavyojua, uliishi kwa mto. Watu wake walijenga kwa mawe chini ya miinuko ya Ngorongoro, wakachimba mifereji, wakalima, kisha wakaondoka wote, na hakuna ajuaye kwa hakika walikwenda wapi. Mimi nilijiambia kwamba watu hawaachi kazi kubwa namna ile bila kukosea mahali. Nikiliona kosa lao, nitarudi nalo nyumbani, nasi tutaliepuka.

Kwenye basi dogo la Coaster nilikaa na mtani wangu, mwalimu mstaafu aliyezaliwa Digodigo. Alikuja Karatu kufundisha, akaoa huku, na sasa ni mzee wa kanisa pamoja nami. Yeye ni Msonjo na mimi ni Mwiraqw. Kwao wapo wazee wanaosema mji ule ulijengwa na babu zao, na kwetu wapo wanaosema ni babu zetu. Hatujawahi kukubaliana, na tumeshukuru kwa hilo, maana bila ugomvi huo tungekuwa tumeishiwa maneno miaka mingi iliyopita.

"Leo utaona kazi ya Wasonjo," aliniambia tulipokuwa tunateremka ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Mto wa Mbu. "Kaa kimya ujifunze."

"Wasonjo gani? Matuta ya mawe ni kazi yetu. Ninyi mmejua lini kupanga jiwe?"

"Sisi tunagawana maji tangu kabla ninyi hamjajua kuoga."

Mama mmoja wa kiti cha mbele aligeuka. "Wazee, na Roho Mtakatifu mmempa kiti gani?"

Tukanyamaza mpaka Mto wa Mbu, tukanunua ndizi nyekundu, tukaanza upya.

Kutoka pale barabara ni vumbi tupu. Tulifika tukiwa weupe kichwani, hata wale ambao hawakuwa na mvi. Aliyetupokea ni mwongoza wageni wa pale kijijini, Mmasai wa makamo, shuka begani na simu mkononi. Alituamkia vizuri, kisha akauliza tumetoka wapi. Mtani wangu akamwambia, "Mimi ni mwenyeji. Nimekuja kuona nyumba ya babu yangu."

"Karibu, mzee," yule bwana alijibu bila kucheka. "Kila anayekuja hapa ni nyumba ya babu yake. Wazungu tu ndio hawajadai bado. Nasi Wamasai hatudai, maana tukidai tutapewa jembe."

Tulicheka wote. Akatuongoza polepole, kwa sababu ya magoti yetu. Mto ungali unatiririka, na wanakijiji wanautumia kumwagilia mashamba yao. Lakini mji wa kale ni mpana kuliko mto huu wa leo. Kwenye mteremko tuliona misingi ya nyumba za mviringo, moja juu ya nyingine kama viti vya kanisa la ghorofa. Chini yake mashamba yalikuwa yamegawanywa kwa kuta fupi za mawe, kila kipande kimesawazishwa, mpaka macho yanachoka. Hakuna udongo wa kushikiza mawe yale. Yamekaa kwa kupangwa tu.

Nikauliza mfereji uko wapi. Akatupeleka.

Nilipiga magoti. Siyo kwa sala, ingawa niliomba pia. Nilitaka kuona mteremko wake. Mimi najua makosa ya mifereji. Mtu akiuchimba mfereji mkali sana, maji yanakula udongo, na akiuchimba bapa, yanalala na kujaza matope. Mfereji ule ulikwenda kwa mteremko mpole, ukafuata kiuno cha ardhi, ukapinda pale ambapo hata mimi ningepinda. Kingo zake zilikuwa na mawe mpaka chini. Niliufuata mbali kidogo nikitazama mahali pa kuvuja, mahali ambapo mwenye shamba la juu angeweza kujipendelea. Kila mlango niliouona ulikuwa mwembamba sawa na mwenzake.

Nilichukua chupa yangu ya maji ya kunywa nikaimimina mferejini.

Maji yalikwenda. Baada ya miaka yote ile, yalijua njia. Yakasukuma vumbi na jani moja kavu, yakafika urefu wa mkono wangu na kidogo, kisha yakazama.

"Basi," mtani wangu alisema nyuma yangu. "Umewanywesha marehemu. Sisi tutakunywa nini?"

Nilimgeukia yule mwongozaji. "Ndugu yangu, hawa watu walikosea wapi?"

"Mzee, wamekuja wataalamu hapa na vijiko vidogo na brashi. Wamechimba, wamepima. Wengine wanasema maji yalipungua, wengine ardhi ilichoka, wengine vita. Hawajakubaliana. Lakini sijasikia aliyesema walikosea."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, mzee. Walilima vizuri."

Sijui kama wenzangu waliona uso wangu. Nimezika watu wengi katika kazi yangu, na nimezoea kusimama mahali ambapo hakuna cha kufanya. Lakini pale nilisimama kama mtu aliyekwenda kuomba dawa akaambiwa kwamba mgonjwa aliyekufa kabla yake naye aliitumia dawa hiyo hiyo, akaimaliza yote, kwa wakati. Nilikuwa ninatamani sana kosa. Uvivu kidogo, wivu kidogo, mzee mmoja wa maji mwenye upendeleo. Ningelipata hilo ningefurahi, Mungu anisamehe.

Tulikula makande tuliyobeba, tukaimba wimbo mmoja, mchungaji wetu akaomba. Aliwashukuru waliojenga mji ule, ambao Mungu anawajua kwa majina ingawa sisi hatuwajui. Niliitikia amina kwa moyo wote.

Njiani kurudi watu walisinzia. Tulipoanza kupanda ukingo mtani wangu alinigusa goti.

"Mtani, nimefikiri. Wale watu walikuwa wenu."

"Asubuhi walikuwa wenu ninyi."

"Asubuhi nilikuwa sijauona mfereji. Mawe yale yamepangwa sana. Ni Wairaqw wale."

"Hapana," nikamwambia. "Ule ugawaji wa maji ni wa kwenu. Ni Wasonjo kabisa."

"Nakuachia."

"Mimi nimeshakuachia wewe."

Hatukucheka. Alichukua ndizi ya mwisho, akaimenya, akanipa nusu.

Alhamisi nilikuwa banioni kabla jua halijapata nguvu. Nilizibua matawi na majani, nikaelekeza kijito chote mferejini, nikaanza kutembea na kichwa cha maji. Ndivyo tunavyofanya huku kwetu. Msimamizi anatembea sambamba na maji yanayotangulia, jembe begani, anaondoa kinachozuia. Zamani ilinibidi kutembea haraka ili yasiniache. Milango yote ilikuwa imefungwa kama tulivyoahidiana, kwa matope mabichi na magunia. Majirani walisimama kwenye mashamba yao, mahindi yao yamekunja majani kwa kiu, wakanipungia mkono. Mmoja alisema, "Mpelekee, mwinjilisti, mpelekee." Sikuona mtu aliyeiba hata kikombe.

Maji yalikwenda vizuri mpaka kwangu. Yakapita kwangu. Baada ya hapo yakaanza kutembea kizee, nami nikatembea nayo, hatua na kusimama, hatua na kusimama. Yalikuwa yanasukuma povu na vijiti, yakijaza kila ufa wa ardhi kabla ya kuendelea. Saa sita ikapita. Kwa mbali nilimwona shemeji. Alikuwa amekwisha kutengeneza matuta yake, ameng'oa miche na kuifunga kwenye kanga iliyolowa, ameketi karibu nayo.

Kwenye shamba linalopakana na lake, chini ya mtini, maji yalisimama. Nilichimba mbele yake kwa jembe kuyafungulia njia. Yakaingia kwenye kile nilichochimba, yakageuka tope. Nikasubiri. Nikaomba, kwa sauti, maana hapakuwa na mtu wa kumwonea haya. Povu likapasuka moja moja. Nilikuwa naweza kumsikia shemeji akikohoa, ndivyo palivyokuwa karibu.

Alikuja mwenyewe akasimama kando yangu. Tukatazama.

"Hakuna aliyefungua huko juu?" aliuliza.

"Hakuna. Wote wamefunga. Nimetembea nayo tangu banioni."

"Basi hakuna wa kumsema."

"Hakuna, shemeji."

Nikamwambia alete miche kwangu. Nina kipande karibu na banio chenye unyevu, nitang'oa maharage, apande hapo, mavuno yawe yake yote. Aligeuka akaangalia matuta yake yaliyonyooka, ambayo kaka yangu alimfundisha kuyapima kwa kamba.

"Kule mlikokwenda juzi," alisema, "wale watu waliondoka siku moja, au waliondoka mmoja mmoja?"

"Haijulikani."

"Mimi nadhani wa mwisho wa mfereji walitangulia. Ndugu wa juu aliwaita, kama hivi. Akawaambia njooni mlime kwangu. Nao wakaenda, wakashukuru."

Nilikuwa nimekwenda mbali kutafuta kosa la watu wale, na huyu mama, ambaye hajawahi kufika Engaruka, alinionyesha kwamba huenda kulikuwa na wema tu, mmoja baada ya mwingine, mpaka mji ukaisha.

"Unakataa, shemeji?"

"Nikatae nini? Miche itakufa." Akainama, akainua lile fungu la kanga, akajitwika. "Ninakushukuru. Twende kabla halijakauka."

Tulipanda pamoja tukifuata mfereji, yeye mbele na mimi nyuma na jembe. Maharage yangu tuliyang'oa, miche ikashika. Leo ninapoandika imesimama vizuri, na shemeji huja kuipalilia kila asubuhi, halafu hurudi kwake mchana. Matuta yake ya kule chini hayajapandwa kitu. Ni mara ya kwanza tangu baba yetu alipofyeka pale. Hakuyabomoa, wala mimi sijamwambia ayabomoe. Alhamisi ikifika bado ninaitaja zamu yake kwa jina, mbele ya wote, naye huitikia.

Wewe uliyesoma hadi hapa, Mungu akuwekee maji yanayofika. Na kama uko mwisho wa mfereji, akupe ndugu wa juu anayefunga mlango wake wa maji zamu yako ikifika. Na kama uko juu, akupe moyo wa kutembea na maji mpaka pale yanaposimama, na kukaa hapo na mwenzako. Amani yake iwe nyumbani mwako. Amina.