Kijiji Nilichokiandika Nyuma ya Ubao

Harufu ya wino wa masizi naijua mpaka leo. Tulikwangua masizi wenyewe kwenye masufuria, tukayasaga na gundi ya mgunga na maji kidogo, vidole vikabaki vyeusi wiki nzima. Hiyo ndiyo ilikuwa harufu ya nyumba ya Mwalimu Zuhura, pale Gongoni, mjini Tabora, tulikolala wasichana kumi na mmoja kutoka vijijini tukisoma Qur'ani. Kila mmoja alikuwa na ubao wake. Mwalimu anakuandikia somo, unalihifadhi, na Jumatano adhuhuri, kabla ya mapumziko ya Alhamisi na Ijumaa, msichana wa zamu anakusanya mbao zote na kuziosha. Maji yale hayakumwagwa ovyo, maana yalikuwa na maneno ya Mungu. Yalimwagwa kwenye shina la mkomamanga nyuma ya nyumba, mahali pasipokanyagwa. Na ole wako uandike porojo za dunia kwenye ubao huo! Mwalimu alikuwa mpole kwa mengi, lakini kwa hilo bakora haikuwa na mjadala.

Mimi niliandika. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na Jumanne moja ya mwezi wa Shaabani alipiga hodi Mzee Yakobo, jirani yetu wa kijijini, Mkristo wa Moraviani, aliyekuwa akileta asali mjini kwa baiskeli. Nilimwamkia hukohuko kibarazani, ubao mkononi. "Marahaba, mwanangu," alisema. "Baba yako anakusalimu. Kule kwetu tumehamishwa, watu wote sasa tutakaa vijiji vya ujamaa. Nyumba yenu imeshaezuliwa. Chuo kikifungwa, baba hataweza kukufuata. Panda gari la Nzega, ushuke kijiji kipya." Akanitajia jina la kijiji, akapanda baiskeli yake, akaenda. Nilibaki nimesimama kama mjinga. Nyumba yetu imeezuliwa? Na kuku je? Nikachovya kalamu, nikaliandika lile jina nyuma ya ubao, pembeni, kwa herufi za Kiarabu kwa kuwa nyingine sikuzijua. Nikajiambia asubuhi nitalihamishia kwenye karatasi. Asubuhi nikasahau kabisa. Nilipokumbuka, mwenzangu wa zamu alikuwa anaegemeza mbao ukutani zikauke.

Nilikuwa na juzuu tatu kichwani, jamani, lakini neno moja lile lilikataa kuja. Vijiji vipya vilikuwa na majina yanayofanana: Umoja, Mwamko, Ushirika, Maendeleo. Nikishika moja, jingine linalisukuma. Wenzangu walihesabu siku za kwenda kufunga Ramadhani kwao, wanacheka, wanasukana nywele. Mimi nilihesabu siku hizohizo nikiomba zisiishe. Sokoni nilikotumwa kila siku kununua kuni nilimtafuta Mzee Yakobo kwenye madebe ya asali, sikumwona. Kumwomba Mwalimu msaada kulitaka kwanza niseme nililiandika wapi, na hilo sikuthubutu. Niliogopa bakora, ni kweli. Lakini zaidi niliogopa kwamba wazazi wangu wapo mahali fulani duniani na mimi nimewapoteza kwa uzembe wangu.

Siku mbili kabla ya chuo kufungwa nilishindwa kumeza uji, nikaanza kulia mbele ya wote. Mwalimu akanipeleka chumbani kwake, na huko nikasema yote. Akauliza, "Na ulikaa na jambo hili siku zote hizo, Mwajuma?"

"Ndiyo, Mwalimu. Nisamehe."

"Ubao tutauzungumzia ukirudi," alisema. "Kwanza tukutafutie mama yako."

Mwanamke yule alikuwa hatoki Gongoni ila kwa msiba au harusi. Keshokutwa yake alivaa buibui, akanishika mkono, tukapanda lori lililokuwa linafuata pamba Nzega. Kila tulipoona nyumba mpya zilizopangwa mstari mmoja, alimwomba dereva asimame. Tulishuka, akapiga hodi kwa watu asiowajua, akauliza wametoka wapi. Kijiji cha kwanza, siyo. Cha pili wakatuambia labda mbele. Dereva alianza kununa, na mimi nikaanza kuamini kwamba nitarudi Tabora yatima mwenye wazazi. Kijiji cha tatu Mwalimu alipiga hodi kwenye kibanda ambacho hakijakandikwa vizuri, na sauti ya mama yangu ikajibu kutoka ndani, "Karibu, nani mwenzangu?" Nikauvuta mkono wa Mwalimu. Mwalimu akajibu kwa niaba yangu: "Mgeni wako." Mama alitoka na unga mikononi, akaketi chini palepale mlangoni.

Siku hizi pale pana lami na umeme. Mjukuu wangu akitaka kwenda anabonyeza simu, jina linatokea, na hata njia inamwonyesha. Mimi nacheka naye, lakini nikisafiri huuliza jina la ninakokwenda mara tatu, mpaka watu wananichoka. Mwalimu hakunichapa hata niliporudi. Baba alikizoea kijiji, akawa hata mjumbe. Mama aliishi pale miaka thelathini na minne, akalima, akazika watu wake, naye akazikwa hapohapo. Lakini alipoulizwa anakaa wapi, alisema tu, "Huko walikotuleta." Jina nililolililia mimi, sikumsikia akilitamka hata siku moja.