Alikuwa Akimwita Baba

Ukitaka cheka, lakini haya yalinipata mimi mwenyewe, tena juani, watu wakitoka kuswali adhuhuri. Wala sikuwa nimeonja kitu.

Nilitoka Kisaka, huku Serengeti, kwenda Tanga kutafuta kazi bandarini. Mama akanituma pia nimtafute kaka yangu Mwita, aliyepotelea pwani tangu mimi nabebwa mgongoni. Sura yake sikuijua. Nilichojua ni kwamba kidole gumba chake cha kushoto hakina kucha, kilipondwa na jiwe la kusagia akiwa mdogo.

Tanga jua kali, watu wapole, na mimi nikawa kama nagombana na kila mtu. Kwa mama ntilie nasema, "Lete chai!" Wanacheka: "Mkurya huyo, ataka vita!" Hata chumba cha kupanga nilikosa. Niliona upweke, ndugu yangu, we acha tu.

Basi mchana huo jamaa mmoja mwembamba akanifuata njiani. "Mura!" akaniita, yaani kijana. Weee! Kikurya, Tanga? Nilitamani kumkumbatia.

"Huku hawasemi lete," akaniambia kwa lugha yetu. "Sema naomba. Utaishi nao vizuri. Twende, kuna chumba."

Tukaenda. Njiani akaniuliza mimi mtoto wa nani. Nikamtajia Kisaka na jina la mzee wetu. Akasimama palepale, machozi yanamtoka.

"Baba bado ananingoja?"

Hapo unielewe: kwa Kikurya baba ni mama. Baba mwenyewe tunamwita tata.

Tulikuwa tumefika. Kabla sijamjibu akausukuma mlango wa chumba cha uani kwa mkono wa kushoto, na kile kidole gumba hakikuwa na kucha. Nikapiga kelele, "Mwita!" Nikaingia nyuma yake. Niamini, chumba kilikuwa kitupu, na dirisha lina nondo. Angepitia wapi?

Mwenye nyumba, mama mtu mzima, akaja mbio. Nikamwamkia shikamoo, nikamweleza niliyemfuata.

Akakaa chini. "Mwanangu, Mwita wa chumba hiki tulishamzika. Homa ilimchukua. Kwao hatukupajua. Ukimuuliza, asema kwao ni hapahapa."

Nadhani kaka naye alichoka kutaniwa Ukurya wake.

"Ila siku ya kufa alimwita baba yake mpaka roho ikatoka," akaendelea. "Baba, baba. Tukazunguka mtaa mzima tukimuulizia huyo baba."

"Si baba, mama," nikasema, nikaanza kulia. "Alikuwa anamwita mama yake."

Yule mama alilia kunishinda.

Nilimpigia mama simu Kisaka. Nilipomweleza, akasema siku moja akipalilia mtama alisikia akiitwa, "Baba!" Akaitika, akageuka, hakuna mtu. Tukalia wote mpaka salio likaisha.

Chumba kile nilikipanga mimi, na nipo humo hadi leo. Huku Kisaka nimekuja kumwona mama tu. Kila mchana nikifungua mlango nasema kwa sauti, "Ndiyo, anakungoja." Sijawahi kujibiwa, na inaniuma kwamba siku ile sikuwahi kumwambia.

Kwa hiyo wewe unayehamia ugenini, nakuomba. Wakikutania, vumilia. Usifiche kwenu. Mwambie jirani hata mmoja umetoka wapi, na mwambie kwenu mama mnamwitaje.