Pini za Saa Nyuma ya Pazia

Nilipoachika nilirudi kwa mjomba wangu, Temeke, kwa sababu sikuwa na kwingine. Mama alikwisha fariki huko kwetu kusini, na mjomba ndiye pekee aliyebaki wa tumbo moja naye. Alikuwa fundi saa. Meza yake ilikaa barazani, na watu walimjia hata kutoka Kipawa: makarani, waalimu, wapishi wa Wazungu. Siku zile mwenye saa ya mkononi alijulikana mtaa mzima.

Haikunichukua muda kugundua kwamba macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Alimimina chai pembeni ya kikombe, akasingizia birika.

"Usimwambie mtu," alinisihi. "Fundi saa asiyeona, nani atamwachia saa yake?"

Usiku akanifundisha kazi hadi nikaiweza, kisha akatundika kanga kuukuu kwenye mlango wa chumba kilichopakana na baraza, akaniweka nyuma yake na stuli, kibano, na lenzi ya kubana jichoni. Mteja akija, mjomba aliipokea saa, akaiweka sikioni, akatikisa kichwa kama aliyekwisha jua ugonjwa, kisha akaipitisha kwangu pembeni ya pazia. Mie ndiye niliyetengeneza.

Chumba kile kilikuwa na paa la madebe, na dirisha lililotazama ukuta wa choo cha jirani. Mteja akiwapo sikuruhusiwa hata kukohoa. Wenzangu wakiniita ngomani, mjomba hakunikataza. Alisema tu, "Nenda, mwanangu. Mie nitapapasa papasa." Basi nabaki. Alikuja mtu kuniposa, mshona nguo, mpole wa maneno. Nilimsikia kwa masikio yangu, na nikamsikia mjomba akimjibu kwamba bado nilikuwa edani. Eda yangu ilikwisha zamani. Nilikuwa nimeshika saa ya mtu iliyofunguliwa, sikuweza hata kusimama.

Kazi iliyoonekana ndogo kuliko zote ndiyo aliyonifundisha kwa ukali zaidi: kuchagua pini za mkanda. Mkanda wa saa hushikwa na pini mbili nyembamba kama njiti za ufagio. Ndani ya kila moja mna springi, na ncha zake huingia kwenye vitundu vilivyo kila upande wa saa. Pini njema ukiibonyeza ncha kwa ukucha na kuiachia, huruka nje papo hapo. Ikirudi kwa uvivu, itupe. Iviringishe juu ya kioo. Iliyopinda utaiona inarukaruka. Na ipime: ikiwa fupi hata kidogo itacheza, na inayocheza mwishowe hutoka. La mwisho ni madini yenyewe. Bati lililopakwa rangi ya fedha halistahimili jasho la pwani. Linaota kutu kwa ndani, springi inashikana, na kwa nje huoni kitu.

Asubuhi moja mchuuzi wa mitaani alimuuzia mjomba pakiti nzima ya pini. Nilizimwaga juu ya kioo.

"Mjomba, hizi mbovu."

"Zote?"

"Chache tu ndizo nzima. Nyingine ncha haziruki."

Alizichukua, akazibonyeza moja moja. "Mie nazisikia nzuri."

"Tuzirudishe, mjomba."

"Nani fundi hapa?" akauliza, na sauti yake ilikuwa imepanda kiasi cha kusikika barazani.

Nilichukua ndoo nikaenda bombani. Niliporudi nilimkuta anatabasamu peke yake. Mkunga wa zahanati alikuwa amepita mbio mbio, mkanda wa saa yake umefunguka, na mjomba alikuwa amemtia pini mwenyewe, kwa vidole tu. Sijamwona na furaha kama ile. Nilishindwa kumuuliza ametia pini ipi.

Haikupita wiki mkunga akarudi, saa kaifunga kwenye leso.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Nilikuwa nimemshika mzazi mkono, nahesabu mapigo yake, saa ikachomoka ikatumbukia kwenye beseni la maji ya moto. Sasa imesimama."

"Mkanda wako umechoka," mjomba alisema.

"Mkanda mpya huu, mzee. Utazame."

Akamnyooshea. Nilichungulia pembeni ya pazia. Mjomba akauchukua, akaugeuza mbele ya uso wake, na nikajua kwamba haoni lolote. Mkunga naye aliinama kumtazama macho. Nilifunua pazia nikatoka.

"Naomba niione pini, dada," nilisema. Ncha moja ilikuwa imezama ndani, haitoki. "Imeshikana. Saa iache, nitaifungua niikaushe leo hii, na pini nitakuchagulia mwenyewe."

"Kumbe fundi ni wewe?"

Niliinamia saa yake. Mkunga alimtazama mjomba, akaniachia saa, akaondoka.

Nilidhani mjomba atanigombeza. Alasiri akauliza kwa sauti ndogo, "Ukikaa wewe mezani, mie nitakaa wapi?"

 Nilirudi ndani, nikaivuta kanga kwa mkono wangu mwenyewe.

Mkunga hakutangaza, lakini mtaa ulijua. Wateja waliendelea kumwamkia mjomba, wakamkabidhi saa kwa heshima, ila sasa walieleza ugonjwa wa saa kwa sauti kubwa, wakiwa wameuelekea mlango. "Inachelewa, mzee! Inachelewa asubuhi tu!" Mjomba alitikisa kichwa, nami nyuma ya kanga nilitikisa changu. Hakuna aliyemvunjia heshima, na hakuna aliyeniita nitoke. Mkunga peke yake ndiye aliyekuwa akisema, kabla ya kuondoka, "Na wa ndani hajambo?"

"Hajambo," mjomba alimjibu kila mara, kwa niaba yangu.

Nilikaa mle hadi alipofariki. Mshona nguo aliyekuja kuniposa alikuwa na watoto wakubwa tayari.