Mashua ya Madawati

Walimu wenzake walimwita Kiguu, kwa kufupisha kiguu na njia, na ukimwona asubuhi moja tu shuleni hutauliza sababu. Chai aliinywa akiwa amesimama. Ubao aliufuta kwa mkono mmoja, mwingine ukimfunga mtoto kamba za kiatu. Methali ya haraka na baraka alikuwa ameambiwa na watu wengi mno, hata mtu akianza tu "haraka haraka", yeye humalizia mwenyewe na kwenda zake. Na mwanamke huyu asiyejua kukaa kitako ndiye aliyepewa darasa la mwisho wa varanda, la watoto ambao dunia huwafikia kwa kishindo. Mmoja, kiti kikiburutwa ni kama kimeburutwa ndani ya sikio lake. Mwingine, lebo ya shati humuwasha mpaka alivue. Ni darasa linalotaka utulivu kuliko yote, lakini wagawa kazi nao wana utani wao.

Hata hivyo aliwaweza, tusimnyime haki yake. Alijua nani hapendi kuguswa kwa ncha za vidole lakini hutulia akikumbatiwa kwa nguvu, na nani husikiliza vizuri akiwa chini ya meza. Mwaka huo akaja na wazo la kuwapeleka ziwani, wapande mashua ya injini wakaone viboko na ndege wa majini. Mwalimu mkuu alikuna kichwa. Wazazi walikubali mmoja mmoja, wengine shingo upande. Aliyekataa katakata ni bibi yake Chiriku.

Chiriku ni jina la mzaha alilopewa na huyo bibi, kwa sababu chiriku ndege ni domo kaya na mtoto huyu maneno yake yalikuwa ya kuokoteza. Kilio ndicho alichokuwa nacho tele. Alilia sokoni, alilia hospitalini, alilia harusini mpaka wakaondoka kabla bibi harusi hajaingia. Bibi alikuwa fundi cherehani, amemlea peke yake, na macho ya watu yalimchosha kuliko kilio chenyewe. Safari ya mwisho ya shule, kwenda bustani ya wanyama, iliishia getini, mtoto amejitupa chini na watu wazima wamesimama kutazama kama sinema. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Kiguu alimwendea mara nyingi kwenye chumba chake cha kushonea, na kila mara alizunguka meza ya vitambaa akigusagusa mikasi, mpaka bibi akamwambia achague kukaa au kutoka. Mwishowe bibi akasimamisha cherehani.

"Mwanangu, nakupa mara hii moja tu. Nitakuja mwenyewe niwasubiri ufukweni. Akilia tena mbele za watu, shuleni harudi. Atakaa hapa na mimi."

"Hatalia, mama."

Jibu lilimponyoka kabla hajalifikiria. Kumwahidi mtu kwamba mtoto wa mwenzako hatalia ni kumwahidi kwamba mvua haitanyesha, lakini maneno yalikuwa yameshatoka.

Tangu hapo hakuwa na raha. Alipanga madawati mawili mawili yakawa mashua, akatandika shuka la bluu chini likawa maji, na sheria ikawa moja: maji hayakanyagwi. Aliazima majaketi ya kuokolea maisha kwa nahodha wa mashua watakayopanda. Mwanzoni jaketi lilikaa mapajani mwa kila mtoto, kama paka. Baadaye likapanda begani, baadaye likavaliwa bila kufungwa, hata siku moja Chiriku akafunga kifungo mwenyewe, akafungua, akafunga tena, akakataa kulivua mpaka jioni. Mlio wa injini Kiguu aliurekodi kwa simu, akawasikilizisha kwa sauti ya nyuki aliye ndani ya chupa, akaupandisha kidogo kidogo. Aliweka samaki kwenye sahani dirishani ili waizoee harufu, na mwalimu mkuu akaja akiwa ameziba pua, kuuliza ni nini kilichokufa.

Ukutani alibandika picha kwa mfululizo, kwa kuwa watoto hawa hutulia wakijua kinachofuata: basi, ufukwe, jaketi, ubao wa kupandia, injini, ndege, kiboko. Kila siku walizipitia kwa kidole, wakaingia kwenye madawati, wakanguruma, wakafika kwa kiboko. Kengele ya chakula ikilia, kila mtu alitawanyika kivyake, na Kiguu alikuwa ameshakunja shuka kabla kengele haijanyamaza.

Nyumbani mume wake alilalamika kwamba anatikisa mguu mpaka vikombe vinagongana mezani. Alimuuliza, watoto umewaandaa, wewe nani anakuandaa? Kiguu akamjibu kwamba atapumzika wakirudi.

Siku ikafika, na mambo yakaenda vizuri kwa namna iliyomtia wasiwasi. Basi halikumtapisha mtu. Majaketi yalivaliwa. Chiriku alipita juu ya ubao akitazama mbele, akakaa mahali pale pale alipozoea kukaa darasani, na injini ilipowaka alifumba macho, kisha akayafumbua. Bibi alikuwa ufukweni kwenye kiti cha plastiki, mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri majibu ya daktari.

Waliona furukombe akishuka na kuondoka na samaki. Waliona viboko, kwanza masikio tu, halafu mmoja akapanua kinywa, na darasa zima likapanua vinywa pia. Chiriku alinyoosha mkono. "Mkubwa," akasema, kwa sauti, bila kuulizwa. Kiguu hakumwona kiboko hata mmoja. Kazi yake ilikuwa kuutazama uso wa Chiriku, kukaza mikanda iliyokazwa, na kuhama upande hadi upande, mpaka nahodha akamwomba kwa heshima zote akae, kwa sababu kati ya abiria wote ni yeye tu anayemtia hofu.

Mashua ikarudi. Nahodha akazima injini, wasaidizi wakaanza kuwashusha watoto, wengine kwa kubembelezwa, wengine kwa kubebwa. Chiriku hakunyanyuka. Alishika benchi kwa mikono miwili, akapandisha miguu, akaachia kilio ambacho nadhani viboko nao walikisikia.

Hapo Kiguu akajua alichokosea. Picha zake ziliishia kwa kiboko. Wiki zote zile aliwafundisha kupanda, kukaa, kuvumilia kelele na harufu, lakini hakuna siku aliyowafundisha kwamba mashua hushukwa. Mwisho wa safari aliuachia kengele, kwa sababu yeye mwenyewe kichwani alikuwa ameshafika kwenye jambo linalofuata.

Akatapatapa. Alitoa picha mkobani, akazipangua, akazipanga. Alicheza mlio wa injini, akauzima. Aliimba. Alimkumbatia kwa nguvu, akamwachia. Kila alilofanya lilikuwa kuni kwenye moto. Watu waliokuwa wakipita ufukweni walisimama, na mmoja akatoa simu kupiga picha. Bibi akaweka mkoba kwenye kiti, akavua viatu, akaingia majini na gauni lake.

Kiguu akaanza kujitetea kabla hajafikiwa: kosa ni langu, mama, mtoto hana kosa, alikuwa vizuri njia nzima, muulize nahodha. Bibi akainua kiganja.

"Hebu nyamaza kidogo. Anasema nini?"

Kiguu hakuwa amesikia kwamba anasema kitu. Alikuwa na shughuli. Akanyamaza, na ndani ya kilio, katikati ya kwikwi, likasikika neno moja linalorudiwa.

"Bado. Bado. Bado."

Na mkono wa mtoto ulikuwa unaonyesha ziwani.

Bibi alisimama maji yakimfika kwenye mashavu ya miguu, akaufuata ule mkono kwa macho. Kisha akaomba mkono wa nahodha, akapanda, akakaa kwenye benchi karibu na mjukuu wake. Hakumgusa.

"Sokoni alilia tutoke," akasema. "Hospitalini tutoke. Harusini tutoke. Tangu amezaliwa analia tutoke." Akafuta pua kwa mkono wa gauni. "Mwalimu, mimi sikujua kama kuna mahali atalilia kubaki."

Akalia yeye sasa, wazi wazi, fundi wa watu, mbele ya wapita njia na simu zao. Chiriku akapunguza sauti ili amtazame.

Nahodha alisema kwa upole kwamba wageni wake wengine hawaji mpaka mchana. Bibi akamwambia basi tutashuka mchana. Kisha akamgeukia Kiguu, aliyekuwa bado amesimama na picha mkononi, mguu mmoja ndani ya mashua na mwingine kwenye ubao.

"Kesho nitamleta shule kama kawaida. Leo nenda na wenzake, sisi tuache."

Kiguu alitoa mguu mashuani, akaenda ufukweni walikokuwa watoto wengine, akakaa kwenye kile kiti cha plastiki, mkoba wa bibi mapajani, akawatazama wawili wale wakitazama maji, na kwa mara ya kwanza akamwona kiboko.